Bidhaa zangu zimekubaliwa, mbona hazionekani?

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Nina duka la mtandaoni lenye bidhaa 340 hivi: mabegi ya mgongoni, chupa za maji na viatu vya kupandia milima. Nimeliunganisha na Google Merchant Center (huduma ya Google inayopokea data za bidhaa za maduka) na bidhaa nyingi zimekubaliwa, lakini huu ni mwezi wa nne hazionekani sana kwenye utafutaji wa bidhaa, na zile chache zinazoonekana watu hawazibofyi. Maelezo nimeyaandika marefu na kwa uangalifu. Nimekutumia mistari kumi ya faili langu la data ya bidhaa uione. Nakosea wapi? Na je, ni lazima nilipie matangazo ndipo nionekane?

Jibu: Njema, dada, na pole kwa miezi minne ya kungoja. Umefanya vizuri kunitumia mistari hiyo kumi, maana bila hiyo ningebaki kubahatisha. Nimeipitia mara mbili. Kazi uliyoifanya si ndogo, ila karibu yote umemfanyia mtu aliyekwisha kufika dukani kwako. Anayeamua kama mtu huyo atafika au hatafika ni mashine, na mashine hiyo kazi yake ni kulinganisha. Upande mmoja inayo maneno aliyoyaandika mnunuzi, upande wa pili inayo data yako, na panapooana ndipo bidhaa yako inapotolewa mbele. Bidhaa kukubaliwa maana yake ni kwamba imeruhusiwa kuingia sokoni tu. Kuitwa inapotafutwa ni jambo jingine, na hapo ndipo ulipokwama.

Kabla hujagusa chochote, tenganisha magonjwa mawili uliyoyataja, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Fungua ripoti ya utendaji ndani ya Merchant Center uangalie kila bidhaa imeonyeshwa mara ngapi na imebofywa mara ngapi. Isiyoonyeshwa ina tatizo la kutofahamika: kichwa, namba ya utambulisho, au sifa zilizoachwa wazi. Inayoonyeshwa lakini haibofywi imefahamika vizuri, ila ikipangwa pamoja na za wenzako inashindwa kwa picha, bei, gharama ya usafirishaji, au yale maneno machache ya mwanzo wa kichwa. Ukichanganya hayo mawili utajikuta unabadilisha picha za bidhaa ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Sasa tuingie kwenye mistari yako. Wa tatu unasomeka hivi:

Mwendo wa Asubuhi – Toleo Jipya, BEI POA!!!

Kwamba hili ni begi nimelijua kwa kufungua picha. Mashine inaanza na kichwa, na humu haikuti neno begi, haikuti mgongo, haikuti ukubwa wala rangi. Hebu mfikirie mtu anayelihitaji begi lako. Ana kompyuta ya inchi 15.6, anasafiri nayo wakati wa mvua, na anataka litakalobeba na nguo za siku mbili. Ataandika nini? Hawezi kuandika "Mwendo wa Asubuhi", kwa sababu hajawahi kulisikia jina hilo. Begi lenyewe ni zuri na lina kila anachokitaka, lakini sifa zote hizo umeziweka katika aya ya nne ya maelezo. Mimi ningeandika:

Begi la mgongoni la laptopu inchi 15.6, lita 25, lisilopitisha maji, jeusi – Mwendo wa Asubuhi

Google inakuruhusu herufi 150 kwenye kichwa, lakini mnunuzi kwa kawaida huona zile 70 za mwanzo au pungufu, hasa akiwa kwenye simu. Kwa hiyo kilicho kizito kitangulie. Jina ulilolipa begi usilitupe, maana kichwa cha kwenye faili kinatakiwa kuitaja bidhaa ileile iliyo kwenye ukurasa. Lisogeze mwisho likae kama jina la modeli. "Toleo Jipya" na "BEI POA" viondoe kabisa. Kanuni za Google zinakataza maneno ya kunadi na herufi kubwa za kupigia kelele ndani ya kichwa, na hata zisingekataza, hakuna anayetafuta bidhaa kwa kuandika "bei poa" akiwa na picha ya begi fulani kichwani.

Mpangilio wa maneno hubadilika kulingana na kitu chenyewe. Kwenye viatu vyako, watu wengi huanza na chapa kwa sababu wameshavaa viatu vya chapa hiyo wakaridhika. Basi chapa itangulie, ifuatiwe na aina ya kiatu, cha kike au cha kiume, rangi, kisha saizi. Kwenye chupa, chapa yako haijulikani bado (samahani, ndiyo hali halisi), kwa hiyo anza na kitu chenyewe: chupa ya maji ya chuma cha pua, ujazo, inatunza baridi au moto, rangi. Jiulize mnunuzi anaanza kufikiria nini kwanza, uandike kwa mpangilio huohuo.

Maneno yenyewe usiyatunge mezani. Unayo hazina ambayo bila shaka hujaifungua, nayo ni kisanduku cha kutafutia kilichomo ndani ya duka lako. Mifumo mingi ya maduka huhifadhi kila neno linaloandikwa humo, na huwezi kupata ushahidi mzuri kuliko huo wa namna wateja wako wanavyovitaja vitu. Soma pia jumbe zao, maana mtu anapouliza "mna begi la laptopu linaloingia kwenye kabati la ndege?" amekuandikia nusu ya kichwa bure. Katika mistari yako kumi umeandika "kompyuta mpakato" kila mahali. Ni Kiswahili safi, nami hulitumia darasani, lakini mtu mwenye haraka huandika laptopu. Kwenye kichwa tumia neno la mnunuzi, na lile jingine uliweke ndani ya maelezo, ili anayelitumia naye akupate. Usiyarundike yote kwenye kichwa kimoja, begi mkoba shanta kifuko, kwa sababu kichwa cha namna hiyo kinamkera msomaji na hakimweleweshi kitu.

Sasa nije kwenye namba za utambulisho, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipokuta makosa mazito zaidi.

Bidhaa nyingi zinazotoka kiwandani hupewa namba ya kimataifa iitwayo GTIN, ile inayoandikwa chini ya mistari ya msimbopau. Inaweza kuwa na tarakimu 8, 12, 13 au 14, na shirika linaloisimamia duniani ni GS1. Msimbopau wa namna hii ulisomwa kwa mara ya kwanza dukani tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya chingamu ya Wrigley. Wakati ule ilikuwa kazi ya keshia tu. Leo namba ileile ndiyo inayoiambia injini ya utafutaji kwamba kiatu chako na kiatu kilekile kilicho katika maduka mengine ishirini ni kitu kimoja. Ikishajua hivyo, inaweza kukiunganisha na sifa zake, na tathmini za walionunua kwingine, na kukiweka kwenye orodha ya wauzaji wa kiatu hicho. Bila namba, kiatu chako ni mgeni asiye na kitambulisho.

Kwenye mistari yako nimeona mambo matatu. Kwanza, mistari miwili ya viatu ina namba inayosomeka 4.00638E+12. Hiyo si namba ya kiwanda; ni Excel iliyoamua kufupisha namba ndefu. Ukilihifadhi faili la CSV (lahajedwali la maandishi matupu) likiwa hivyo, kinachohifadhiwa ni ule ufupisho, na tarakimu za mwisho zimekwenda. Ndugu yake na kosa hilo ni sifuri ya mwanzo kuliwa: namba ya tarakimu 12 inayoanza na 0 inabaki na tarakimu 11, na mfumo unaikataa. Liliwahi kunipata nikimsaidia mwenye duka mmoja. Tulikaa siku nzima tukimlaumu msambazaji kwa kutupa namba mbovu, kumbe yeye alizileta nzima, tukazivunja wenyewe kwa kulifungua faili na kulihifadhi tena. Tangu siku ile, kabla sijabandika namba yoyote, safu hiyo naiweka kwanza katika muundo wa maandishi. Fanya hivyo leo, kisha uzichukue namba upya kutoka kwenye boksi za viatu, usijaribu kuzikisia.

Na ukitaka kujua kama namba imenakiliwa sawasawa, unaweza kuipima kwa kalamu. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki. Chukua namba 4006381333931. Iache ile 1 ya mwisho, kisha anzia kushoto ukizidisha kwa zamu: ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hadi ya 12. Zile za kuzidisha kwa 1 ni 4, 0, 3, 1, 3 na 9, jumla 20. Zile za kuzidisha kwa 3 ni 0, 6, 8, 3, 3 na 3, jumla 23, mara 3 ni 69. Ukijumlisha 20 na 69 unapata 89. Ili kufika kwenye kumi inayofuata, yaani 90, inapungua 1, na ndiyo ile tarakimu ya mwisho. Namba ni sahihi. Ukikosea kunakili tarakimu moja tu, hesabu haitakubali. Kwa bidhaa 340 huhitaji kufanya kwa mkono, fomula ya lahajedwali itakufanyia, lakini ukiifanya mara moja mwenyewe utaelewa kwa nini mfumo unagundua haraka namba ya kubuni.

Jambo la pili: chupa zako tatu, ya bluu, ya kijani na nyeupe, zina namba moja. Kila rangi na kila saizi huwa na GTIN yake. Geuza chupa zenyewe uangalie. Naamini utakuta namba tatu tofauti, na aliyejaza faili alinakili ya kwanza akaishusha chini. Jambo la tatu: mabegi mawili yana namba inayoanza na 2. Namba za kundi hilo zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka, mathalani kwa bidhaa zinazopimwa kwenye mizani, na Google haizikubali kama GTIN. Inaelekea mfumo wako wa stoo ndio uliozizalisha. Zifute kwenye faili. Kama mabegi hayo unashonesha mwenyewe na hayana namba ya kiwanda, jaza jina la chapa yako pamoja na namba yako ya modeli, na kama hata hiyo hakuna, iko sehemu ya kueleza kwamba bidhaa haina vitambulisho. Kukosa namba si kosa. Kosa ni kuweka ya uongo.

Nikuambie na upande wa pili, usije ukasema nilikuficha. Ukiiweka namba sahihi, kiatu chako kitapangwa karibu na kilekile cha wenzako, na bei zitaonekana kwa pamoja. Kama wewe ndiye ghali kuliko wote na usafirishaji wako ni wa kulipia, utaonekana zaidi lakini hutabofywa sana. Hata hivyo nakushauri uiweke. Itakulazimisha kuamua ni bidhaa zipi unaweza kushindania kwa bei, na zipi, kama yale mabegi unayoshonesha, hazina mwenzake wa kulinganishwa naye na zinastahili jitihada zako kubwa.

Tuje kwenye bei. Kwa macho ya Google, bei yako inakaa mahali pane: kwenye faili, kwenye ukurasa anaouona mnunuzi, kwenye data iliyofichwa ndani ya ukurasa kwa ajili ya mashine, na kwenye hatua ya kulipa. Zote nne lazima ziseme jambo moja, pamoja na sarafu yake. Ile data iliyofichwa huandikwa kwa msamiati wa schema.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 na Google, Bing na Yahoo, na mifumo mingi ya maduka huiweka yenyewe bila wewe kujua. Hapo ndipo mitego ilipo. Nimelipitia begi lako la tatu: faili linasema bei ya kawaida, ukurasa unaonyesha bei ya punguzo, na data iliyofichwa bado ina bei ya zamani. Mbele ya mashine huo ni udanganyifu, hata kama wewe hukuwa na nia hiyo, na bidhaa husimamishwa. Ikitokea kwa bidhaa nyingi, akaunti nzima huingia hatarini.

Sababu yake naifahamu, maana naikuta kila mara. Punguzo limewekwa na programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuongezwa dukani, inayobadilisha maandishi ya bei mbele ya macho ya mnunuzi tu, bila kugusa bei iliyomo ndani ya mfumo. Ondoa punguzo la namna hiyo. Weka punguzo kwenye mfumo wenyewe wa duka. Kwenye faili, acha bei ya kawaida mahali pake na bei ya punguzo uijaze kwenye sehemu yake, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Halafu angalia faili linasomwa mara ngapi. Kama linasomwa mara moja kwa siku usiku wa manane na wewe hubadilisha bei saa nne asubuhi, basi kuanzia saa nne hadi usiku uko kwenye kosa. Washa ile huduma ya kusasisha yenyewe bei na upatikanaji, ambapo Google husoma ukurasa wako na kurekebisha, lakini ichukulie kama wavu wa kudakia, usiifanye njia yako ya kila siku. Na kodi: unapouzia Marekani na Kanada, bei ya kwenye faili haijumuishi kodi ya mauzo; katika sehemu nyingine nyingi zenye kodi ya ongezeko la thamani, bei inatakiwa kuwa nayo ndani.

Bidhaa ikiisha, usiifute. Badilisha hali yake iseme imeisha, ukurasa uache wazi, na mzigo ukifika urudishe. Nimeona kwenye mistari yako chupa moja ina kitambulisho (ile alama ya duka lako kwa kila bidhaa, si GTIN) chenye tarehe ya mwezi uliopita, dalili kwamba uliifuta ukaiingiza upya. Kila unapobadilisha kitambulisho cha bidhaa unaanza upya, na historia yake ya kuonyeshwa na kubofywa inabaki kwenye kile cha zamani. Kitambulisho kipange mara moja, kisha usikiguse tena. Kumbuka pia kwamba data isiyosasishwa hukwisha muda wake baada ya siku 30. Kama kuna bidhaa zilizokuwa zikionekana zikatoweka bila ujumbe wowote wa kosa, anza kuangalia hapo.

Kwa picha nina maneno machache, kwa sababu zako nyingi ni nzuri. Bidhaa ijae asilimia 75 hadi 90 ya picha, mandhari ya nyuma yawe meupe au yasiyo na fujo, pasiwe na maandishi, fremu, wala nembo ya duka juu yake. Ile ya begi yenye kibandiko chekundu cha "Punguzo" itakataliwa, ibadilishe, na ukiibadilisha mpe faili la picha jina jipya ili Google iichukue mapema. Ukiiacha anwani ileile inaweza kuchelewa kuigundua. Unaruhusiwa kuongeza picha nyingine hadi 10. Hapo ndipo uweke zile za begi likiwa mgongoni mwa mtu, zipu kwa karibu, sehemu ya ndani ikiwa wazi na kompyuta imo. Mnunuzi anayejiuliza kama kompyuta yake itaenea atapata jibu bila kusoma neno. Na mwombe anayekusimamia tovuti ahakikishe faili la robots.txt, lile linaloziambia roboti za utafutaji ziingie wapi na zisiingie wapi, halizuii roboti ya Google ya picha; nimewahi kukuta duka zima halina picha kwenye utafutaji kwa sababu ya mstari mmoja uliosahauliwa tangu tovuti ilipokuwa ikijengwa.

Viatu vyako vina tatizo la peke yake. Umeweka mstari mmoja kwa kila modeli, na kwenye sehemu ya saizi umeandika "zote". Mtu anayetafuta kiatu cha kike cha kupandia mlima, kijivu, saizi 39, hawezi kulinganishwa na "zote". Kila saizi na kila rangi iwe na mstari wake, kitambulisho chake, GTIN yake na upatikanaji wake, kisha mistari yote ya modeli moja uifunge pamoja kwa namba moja ya kundi. Kiungo cha kila mstari kimpeleke mnunuzi kwenye ukurasa ambao saizi na rangi hiyo tayari imechaguliwa, na picha iwe ya rangi hiyohiyo. Viatu vinahesabiwa kwenye kundi la mavazi, ambako jinsia, rika, rangi na saizi hudaiwa katika nchi kadhaa, kwa hiyo sehemu hizo kuachwa tupu inatosha kukunyima nafasi. Rangi iite jina ambalo mtu angelitumia: "Majivu ya Volkano" ni jina linalopendeza, liache kwenye ukurasa ukitaka, lakini kwenye faili andika kijivu. Mistari itaongezeka kutoka 340 hadi pengine maelfu. Usiogope, mfumo wa duka ndio utakaoizalisha ukishaingiza saizi vizuri.

Aina ya bidhaa kwa mpangilio wa Google, mashine siku hizi huijaza yenyewe. Wewe angalia tu kama haijakosea, mfano chupa ya maji kuwekwa kwenye vyombo vya mezani. Ile sehemu ya aina kwa mpangilio wako mwenyewe ijaze kwa kirefu, kuanzia kundi kubwa hadi dogo.

Na maelezo yako marefu? Nafasi ipo, herufi 5,000, ila sentensi mbili za mwanzo ndizo nazozijali. Zitaje kitu ni nini, kimetengenezwa kwa nini, kina vipimo gani, kinamfaa nani. Hadithi ya jinsi ulivyolibuni begi ifuate baadaye. Nimeisoma na ni ya kweli, inamvuta mtu, lakini mpe kwanza anachokitafuta.

Usianze na bidhaa zote 340. Chagua 20 zinazokuletea mauzo, au ambazo unajua faida yake ni nzuri, uzitengeneze kikamilifu: kichwa, namba, saizi, bei, picha. Vichwa unaweza kuvibadilisha kwa faili la nyongeza, ambalo hufunika sehemu chache tu za faili kuu bila kugusa duka lenyewe, na ukiona mambo yameharibika unaliondoa. Andika kando idadi ya kuonyeshwa na kubofywa kabla ya mabadiliko, halafu subiri wiki tatu bila kubadilisha kitu kingine kwenye hizo 20. Najua kusubiri ni kugumu baada ya miezi minne, lakini ukigusa mambo matano kila siku mbili hutajua lipi lililosaidia. Faili hilohilo likishanyooka unaweza kulipeleka na kwenye Microsoft Merchant Center, ambayo inaweza kuchukua data moja kwa moja kutoka Google.

Swali lako la mwisho, kuhusu kulipia. Si lazima. Huduma hii ya Google ya kutafuta bidhaa ilianza Desemba 2002 ikiitwa Froogle na haikuwa ya kulipia. Mwaka 2012 Google iliigeuza kuwa ya matangazo ya kulipia, na Aprili 2020 ikarudisha nafasi za bure, ikianzia Marekani kisha nchi nyingine. Kwa hiyo leo njia zote mbili zipo, na zote zinakula kwenye faili moja. Hata kwenye matangazo ya bidhaa ya kulipia huchagui maneno ya kutafutiwa. Mfumo unayachukua kwenye data yako, na kikubwa unachoweza wewe ni kuyazuia yale usiyoyataka. Ukilipa sasa hivi, ukiwa na kichwa cha "Mwendo wa Asubuhi", utakuwa unanunua mibofyo ya watu waliotaka kitu kingine.

Lakini matangazo yana faida moja ambayo ningeitumia mapema: yanakupa ripoti ya maneno halisi waliyoyaandika watu kabla ya kuiona bidhaa yako. Zikishanyooka zile bidhaa 20, tenga fedha kidogo ambayo hata ikipotea haitakuumiza, endesha matangazo kwa wiki mbili kwa hizo tu, kisha uisome ripoti mstari kwa mstari. Yale maneno yaliyoleta mauzo yapandishe mwanzoni mwa vichwa. Yale yaliyoleta watu wasiohusika, kwa mfano wanaotafuta mabegi ya shule ya watoto, yazuie. Ukimaliza, nitumie ripoti hiyo pamoja na mistari ya viatu ukishaigawa kwa saizi, niipitie kabla hujaendelea na zile 320 zilizobaki.